Klabu ya chuo isife ikibanwa: maelekezo kwa wadogo zangu wa Malimbe, Bugando na vyuo vingine vya Mwanza

Wadogo zangu, kila mwaka boom (pesa ya mkopo ya kujikimu) likishatoka na fresha wa mwaka wa kwanza wakishazoea mazingira, meseji zinaanza kuingia. Mmoja anataka klabu ya mdahalo, mwingine ya katiba na haki za binadamu, mwingine ya mazingira ya ziwa, na wote wanamalizia na swali lile lile, kaka hii haitatuletea matatizo? Nimeona niandike yote sehemu moja mtu asome na atume kwa wenzake, maana swali ni la haki kabisa. Mtoto wa mkulima wa Sengerema aliyefika chuo kwa mkopo ana cha kupoteza, akifukuzwa hakuna mtu nyumbani wa kumlipia chuo kingine.

Ninachotaka mkishike ni kimoja: klabu isiwe mtu. Watawala wanaobana hawahitaji kugusa wanachama 80, wanamgusa mmoja tu mwenye laini ya grupu, mwenye pesa, mwenye majina na mwenye mawazo, halafu wengine 79 wanarudi hosteli kulala. Kwa hiyo kila hatua mtakayoiona hapa chini inarudi huko huko, kugawa kazi, kugawa ujuzi na kuacha kumbukumbu, ili mmoja akitolewa wengine waendelee kama kawaida.

Mfano tunao hapa hapa nchini. Mwaka 1967 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani, walianzisha USARF, klabu ya wanafunzi wanamapinduzi wa Afrika, mwenyekiti akiwa kijana wa Kiganda anaitwa Yoweri Museveni, na Walter Rodney, mwalimu wa historia kutoka Guyana, alikuwa karibu nao sana. Walikuwa na darasa lao la Jumapili, wanasoma, wanabishana, wakaanza kutoa jarida la kukata kwa stensili linaitwa Cheche. Novemba 1970 klabu na jarida vyote vikapigwa marufuku, na moja ya sababu zilizotolewa ilikuwa jina lenyewe la Cheche, ambalo lilifanana na Iskra (yaani cheche), gazeti la Lenin wa Urusi, kwamba linafanya Tanzania ionekane inajenga ujamaa wa Kirusi. Sasa angalieni kilichofuata, maana ndipo penye somo. Watu walikuwa wameshajua kuandika, kuhariri na kuchapa, sio mmoja wala wawili, wakaendelea kupitia tawi la vijana wa TANU pale chuoni na jarida likatoka kwa jina jingine, MajiMaji. Jina lilikufa, ujuzi ukabaki mikononi mwa watu.

Linganisheni na mwaka 1978. Machi ile wanafunzi wa Mlimani waliandamana kupinga marupurupu mapya ya viongozi, wakafukuzwa mamia, chama chao cha DUSO kikafutwa na nafasi yake ikachukuliwa na MUWATA, ambayo ilikuwa chini ya chama tawala. Ilichukua mpaka mwanzoni mwa miaka ya 90 wanafunzi kupata tena chama chao wenyewe. Naamini kabisa kwamba kitu kikubwa kilichokusanywa kwenye ofisi moja ni rahisi kubebwa chote kwa siku moja, na ndio maana nawaambia bora klabu ndogo tano kuliko moja kubwa.

Anzeni na jambo la hapa hapa

Kosa naloliona sana ni klabu kuanzishwa na maneno makubwa, ukombozi wa fikra za vijana wa Afrika, halafu kikao cha pili hakuna anayejua wanafanya nini. Chagueni jambo linaloshikika. Mwanza haina uhaba wa mambo. Bei ya dagaa inavyopanda kutoka kwa mvuvi mpaka kwa mama lishe, magugu maji, maji ya bomba kwenye mageto ya Mkolani na Nyegezi, machinga na sehemu za kufanyia biashara, usalama wa vyombo vya majini. Hili la mwisho mtu wa Mwanza halihitaji maelezo, MV Bukoba ilizama Mei 21, 1996 na baadhi ya ndugu zetu wamelala pale Igoma, halafu Septemba 20, 2018 MV Nyerere ikapinduka karibu kabisa na Ukara. Klabu ya wanafunzi wa sheria ikikaa muhula mzima kusoma ripoti na sheria za usafiri wa majini na kuuliza nani anakagua nini, hiyo ni kazi ya maana na ni ngumu mtu kuiita uchochezi.

Kuna klabu moja naifahamu ilianza na daftari tu. Wanatoka wawili wawili alfajiri kwenda Mwaloni Kirumba, wanamuuliza yule yule mama bei ya ndoo ya dagaa asubuhi, wanamuuliza tena jioni, wanaandika kwenye kauntabuku la kwaya mbili, tarehe, bei, hali ya hewa, mbalamwezi ipo au haipo maana dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwanzo yule mama aliwaona wasumbufu, baadaye akawa anawasubiri na habari kabisa, nani kazuiliwa nyavu, ushuru umepandaje. Hapo ndipo mjadala wao chuoni ulipopata nyama, hawakuwa wanarudia maneno ya watu wa mitandaoni tena, walikuwa na kitu walichokiona kwa macho yao. Tahadhari moja tu, mkikusanya takwimu semeni wazi mmezikusanya wapi, kwa nani na kwa namna gani, msizitangaze kama takwimu za nchi. Mwaka 2018 sheria ya takwimu ilibanwa mpaka kupinga takwimu rasmi ikawa hatari, mwaka uliofuata ikalegezwa, na sheria iliyobadilika mara mbili inaweza ikabadilika tena.

Karatasi kwanza, na mlezi

Najua vijana hamuipendi hii sehemu. Tafuteni kitabu cha sheria ndogo za wanafunzi kile mlichopewa wiki ya kwanza mkakitupa chini ya kitanda, someni kipengele cha vikundi. Mjue nani anasajili, ni mshauri wa wanafunzi au serikali ya wanafunzi, mnatakiwa kuwa wangapi, na nani ana mamlaka ya kufuta na kwa utaratibu gani. Vyuo havifanani, SAUT ni chuo cha Baraza la Maaskofu, Bugando nako pana taratibu zake, msichukue katiba ya klabu ya Dar mkabadilisha jina tu.

Katiba yenu iwe kurasa mbili tatu. Lengo kwa sentensi moja. Uongozi unabadilika lini (mimi nasema kila muhula, nitarudi hapo). Nani anashika pesa, nani anaidhinisha. Klabu ikifungwa mali zinaenda wapi. Na muweke sentensi inayosema klabu haifungamani na chama chochote cha siasa, halafu muiishi kweli, maana mwaka wa uchaguzi watakuja watu na fulana na soda, wa pande zote, na mkishavaa fulana ya mtu klabu ni yake.

Mlezi sasa. Hapa ndipo klabu nyingi duniani hunyongwa bila mtu kusikia. Pale Chuo Kikuu cha Peking nchini China, Septemba 2018, klabu ya wanafunzi ya kusoma Marx, kwenye nchi ambayo Marx ni somo la lazima, ilikaribia kukosa usajili kwa sababu hakuna mwalimu aliyekubali kuwa mlezi wao. Walikuwa wamejishughulisha na maisha ya wafanyakazi wa kima cha chini pale chuoni, na majira yale yale wanafunzi wa vyuo kadhaa walikwenda Shenzhen kusimama na wafanyakazi wa kiwanda waliotaka chama chao. Hakuna aliyehitaji kutangaza marufuku, ilitosha walimu kuogopa. Kwa hiyo tafuteni mlezi mapema, na tafuteni wawili, mmoja rasmi na mmoja ambaye mmeshamzoesha kuja kwenye vikao. Msimfuate mwalimu mwenye jina kubwa la siasa kwa sababu tu mnampenda. Mfuateni yule mtulivu anayeheshimiwa idarani, mpelekeeni katiba imechapwa vizuri, mwambieni shikamoo mwalimu tunaomba utulee, na mwambieni ukweli wote wa mnachotaka kufanya. Mlezi aliyedanganywa akishituliwa na simu ya juu atawakana mchana kweupe, na atakuwa na haki.

Kikao na daftari

Siku ile ile, saa ile ile, kimbweta kile kile (yale mabenchi ya zege ya kusomea nje). Hii nairudia kwa kila anayeniuliza. Mei 2025 mtandao wa X ulizimwa nchini, Oktoba 2025 kipindi cha uchaguzi intaneti ikazimwa kabisa siku kadhaa, na kila kikundi kilichokuwa kinaishi kwenye simu kilipotea, watu hawakujua hata wenzao wako salama au la. Klabu inayokutana kila Jumapili saa kumi kwenye vimbweta haihitaji tangazo. Watu wa Bugando najua rota za wodini zinawabana, chagueni muda mnaouweza hata kama ni dakika 40 mara mbili kwa mwezi, ila usihame hame.

Kwenye kikao kuwe na mwenyekiti wa siku, sio mwenyekiti wa milele. Leo huyu anaongoza, kesho yule, binti mkimya wa mwaka wa kwanza naye aongoze hata kama sauti inatetemeka, mwacheni amalize. Katibu naye azunguke. Muhtasari uandikwe wa mambo na maamuzi, sio wa nani kasema nini. Andikeni "imejadiliwa bei ya vyakula kafeteria, imeamuliwa kuandika barua kwa uongozi," basi. Maneno makali ya fulani hayana kazi kwenye daftari, yanamfunga yeye na hayamsaidii mtu.

Niseme hili kwa uzito wake. Munich, Februari 18, 1943, wanafunzi wawili ndugu, Hans na Sophie Scholl wa kikundi cha Weiße Rose, walikamatwa chuoni wakisambaza vipeperushi vya kumpinga Hitler, mfanyakazi wa jengo aliwaona. Mfukoni mwa Hans kulikuwa na karatasi ya rasimu imeandikwa kwa mkono wa rafiki yao Christoph Probst, baba wa watoto watatu. Hans alijaribu kuichana, vipande vikaunganishwa, mwandiko ukatambuliwa. Februari 22 wote watatu walihukumiwa na kuuawa siku hiyo hiyo. Hatuishi Ujerumani ya 1943 na sisemi hivyo, lakini jina la mwenzako ulilolibeba bila sababu linaweza kumfikisha mahali ambapo hakuchagua kwenda, na mwanachama wa klabu ya kusoma vitabu hajakubali kubebeshwa mzigo wa mwanachama anayetaka kuandamana. Kila mtu achague mwenyewe kiasi chake cha hatari, na aambiwe mapema.

Simu

Laini yako imesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, kwa hiyo ile habari ya kuandika kwa jina bandia ukidhani hujulikani iondoeni. Andikeni kila kitu kwenye grupu kama vile kimewekwa saini yenu. Grupu la WhatsApp liwe la matangazo tu, kikao saa ngapi, nani analeta pdf, mchango shilingi ngapi. Mjadala uwe kimbweta. Waadmini wawe watatu. Mwekeane sheria kwamba hakuna kufowadi kitu cha kutoka nje ambacho hamjui chanzo, hata kama kinafurahisha, na hasa kama kinakasirisha. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kifungu cha 16 kwenye taarifa za uongo ina faini isiyopungua milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3 au vyote, na mtu aliyefowadi saa sita usiku akiwa amelala nusu naye ni mtu aliyechapisha. Picha za vikao msiposti nyuso bila ruhusa ya kila aliyemo, sio kwa sababu mnaficha kitu, ni kwa sababu kuna mwenzenu baba yake ni mtumishi wa serikali na hajamwambia.

Orodha ya wanachama yenye namba za simu iwe karatasi moja, ishikwe na watu wawili wanaojulikana. Chuo kikitaka majina kwa usajili mtapeleka yale yanayotakiwa, basi.

Pesa fupi tu: isikae kwenye M-Pesa ya mtu mmoja, fungueni akaunti ya kikundi ya saini mbili au tatu, na kila risiti ibandikwe kwenye daftari mpaka ya vocha na ya stationari. Klabu nyingi hazifungwi kwa siasa, zinafungwa kwa tuhuma ya elfu 60 iliyopotea, na ni kweli ilipotea. Pesa za kutoka nje ya nchi mimi nawashauri klabu changa isizikaribie. Urusi tangu 2012 wana sheria ya kuwaita wanaopokea hizo pesa mawakala wa kigeni, na hoja hiyo imesambaa nchi nyingi, ndiyo ya kwanza kutupiwa mtu. Mchango wa buku kwa wiki unatosha chai na fotokopi.

Mnaposhuku kuna mtu kati yenu

Kila klabu ikianza kusikika kuna siku mtu atanong'ona kwamba fulani ni mnoko, anapeleka maneno. Inawezekana kweli. Jibu langu ni kwamba msianze kumsaka. Nimeona urafiki wa miaka ukivunjika hivyo, watu wakifuatana hosteli, wakikagua simu za wenzao, na mwisho wa siku aliyeshukiwa alikuwa tu mtu anayeuliza maswali mengi. Woga wa kushukiana unaimaliza klabu haraka kuliko mnoko mwenyewe. Endesheni mambo yenu kiasi kwamba mtu akipeleka kila kilichosemwa apeleke kitu mnachoweza kukisimamia mbele ya mkuu wa chuo na mbele ya mama yenu. Anayewasukuma kila kikao mfanye vurugu au mvunje sheria, huyo mkataeni waziwazi na muandike kwenye muhtasari kwamba klabu imekataa.

Mnapotoka nje ya chuo

Ibara ya 18 ya Katiba inakupa haki ya kutoa maoni na ibara ya 20 haki ya kukutana na kujiunga na wengine. Zijueni kwa kichwa. Lakini mjue pia kwamba mkutano au maandamano sehemu ya wazi yanahitaji taarifa polisi saa 48 kabla, na kwamba kuanzia 2016 mpaka Januari 2023 hata vyama vya siasa vyenye usajili vilizuiwa mikutano ya hadhara. Kwa hiyo klabu ikialika mgeni mfanye ndani ya chuo, barua iombwe mapema, nakala ipigwe mhuri wa kupokelewa, hiyo nakala yenye mhuri itunzwe kuliko kitu kingine chochote. Ofisi ikikataa kwa mdomo ombeni kwa adabu wakatae kwa maandishi. Mara nyingi mtu akitakiwa kuandika sababu anagundua hana.

Ukiitwa

Ofisini nenda na mwenzako mmoja na daftari. Salimia, sikiliza mpaka mwisho, usibishane. Sema "naomba nishauriane na wenzangu nilete jibu kwa maandishi." Ukitoka tu andika ulichoulizwa, saa ngapi, na nani walikuwepo. Mwambie mlezi siku hiyo hiyo.

Kama ni polisi ni jambo jingine. Uliza unaitwa kwa kosa gani, taja jina lako, omba kumpigia ndugu na wakili kabla ya kutoa maelezo, usisaini maelezo usiyoyasoma. Sheria inataka aliyekamatwa bila hati afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 au mara tu inapowezekana. Namba za wakili ziwe zimeandikwa kwenye karatasi, maana simu ndio itakuwa ya kwanza kuchukuliwa, na LHRC (Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu) na THRDC (mtandao wa watetezi wa haki za binadamu) wote wana utaratibu wa msaada, ufuatilieni mapema kabla hamjauhitaji. Na wenzake walioko nje kazi yao ya kwanza sio kuposti, ni kumpigia mzazi wake kwa heshima, mtu mmoja tu, mwenye sauti iliyotulia, amwambie mama mtoto yuko kituo gani na nani yuko naye. Nairobi mwaka 1982 Titus Adungosi, mwenyekiti wa wanafunzi, alifungwa miaka 10 na akafia gerezani 1988. Wengi walioandamana naye leo ni wazee wenye nyumba zao. Msimwache mtu peke yake.

Kurithishana

Nilisema nitarudi kwenye uongozi. Badilisheni kila muhula. Najua mwenyekiti mzuri anauma kumwachia, ila mwaka wa tatu akiondoka kwenda fildi na mitihani ya UE klabu inalala, na Oktoba inayofuata hakuna anayekumbuka hata akaunti ipo benki gani. Kila kiongozi awe na mdogo wake anayefanya naye kazi, na mdogo huyo awe mwaka wa kwanza au wa pili. Kauntabuku la makabidhiano liwe na majina ya ofisi za chuo, nani huwa anasaidia na nani huwa anachelewesha, barua gani iliandikwaje ikakubaliwa. Fundisheni watu wengi iwezekanavyo kuandika barua rasmi, kuendesha mjadala bila ugomvi na kufunga hesabu, maana hivyo havifutwi na barua ya mtu.

Na ikitokea barua imekuja kweli, klabu imefungwa, msikate rufaa kwa kelele. Someni utaratibu wa rufaa kwenye sheria ndogo, pelekeni ndani ya muda, pelekeni mali kama katiba yenu inavyosema, mgawane vitabu kwa orodha iliyosainiwa. Aliyekuwa anapenda mdahalo aende klabu ya mdahalo ya kitivo, aliyekuwa anaandika aandike gazeti la ukutani la idara, wengine wabaki kundi la kusoma la watu sita, ambalo halihitaji usajili wa mtu.

Mkishaandika rasimu ya katiba nitumieni inbox, nasoma usiku nikitoka kazini na nitawarudishia na marekebisho. Ila mje mkiwa mmeshaongea na mlezi, na mnitajie watu watatu tofauti wenye nakala ya hiyo rasimu.